Jabir Amegombezwa

Jamhuri Estate,
S.L.P. 30417,
Nairobi.
4 Desemba, 1973.

Mpendwa dada yangu Mabruka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, goti lako la kushoto limetulia, na kuku wangu unawalisha kama tulivyoagana. Nasikia kwa watu wa Vanga wanaopita huku kwamba yule jogoo mwekundu hayupo tena. Sikuulizi alikwenda wapi. Najua una maneno matamu ya kujitetea, na sitaki kukuchosha.

Sisi huku hatujambo, ila baridi. Wenyeji wanasema huu ndio mwezi wa joto, lakini mimi bado nalala na soksi za ndugu yetu Taib. Mjini bendera zimetundikwa kila mahali kwa sababu wiki ijayo Uhuru unatimiza miaka kumi, na hata lile duka la vitambaa la Mtaa wa Biashara, anakouza ndugu yetu, limewekwa bendera dirishani. Taib mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi kuitundika, na aliitundika kichwa chini, akashushwa, akapandishwa tena.

Sasa kaa kitako, dada. Nina habari mbili. Ya kwanza si nzuri: lile buli lako la maua ya waridi, ulilompa wifi yetu Saleha siku ya harusi yake, limevunjika vipande vipande na halina dawa. Ya pili ni njema kiasi kwamba ukiisikia buli utalisahau. Jumapili iliyopita Saleha alimgombeza mwanawe Jabir mpaka majirani wakatoka nje.

Usiseme baridi imeniingia kichwani. Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana mengine sikukuandikia.

Nilikwambia mwezi wa Septemba kwamba Jabir amemaliza dawa za saratani, uvimbe wa tayani umeyeyuka kama sukari kwenye chai, nywele zinaota, na daktari amesema awe anakwenda kuangaliwa mara moja kwa mwezi tu. Ulijibu kwamba ulipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Nilifurahi kusoma. Lakini ukweli ni kwamba mtoto alirudi nyumbani mzima, na wazazi wake ndio waliorudi wagonjwa.

Wewe unamjua Saleha. Alipoletwa Vanga bibi harusi hakukaa hata wiki akamfokea mwenye punda kwa kumbebesha mzigo mkubwa, nawe ukasema Taib ameoa honi ya basi. Basi honi ile ilizimika. Alitoka hospitali anaongea kama mtu aliye kwenye matanga ya watu asiowajua. Akiamka asubuhi, kabla ya kunawa uso, vidole viko kwenye taya la mtoto. Baada ya chai, tena. Baada ya kuoga, tena. Anabonyeza huku na huku, anamwambia afungue mdomo, anachungulia, anahema, anafunga.

Mtoto naye akazoea. Ukimkaribia tu anainua kidevu na kupanua mdomo. Siku moja alikuja mama mmoja anayeuza mboga mlango kwa mlango, akamshika kidevu kwa mapenzi yake tu. Jabir akaachama. Yule mama akadhani anaomba chakula, akamtia karoti. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini nilipomgeukia Saleha nicheke naye, uso wake haukubadilika hata kidogo.

Na lililonitia simanzi zaidi ni kwamba hakutaka kutaja siku yoyote iliyo mbele. Jabir amefika umri wa kuanza darasa la kwanza Januari, na watoto wa hapa wote wameshanunuliwa sare. Kila nikimwambia twende mjini tukamnunulie, ananijibu, "Tuamke kwanza, wifi." Nikisema sikukuu hii ya Idd inayokuja tutapika nini, ni tuamke kwanza. Nikaacha kuuliza.

Taib usimtaje. Huyu mtu aliyekuwa akikagua kucha za mtoto kila Ijumaa, sasa kila siku anarudi na kitu mfukoni: biskuti, puto, gari la bati. Dukani alimpimia mteja kitambaa huku macho yako barabarani, akapima, akapima, mpaka tajiri wake akamnyang'anya mkasi na kumkalisha kwenye kigoda na kikombe cha chai. Kuna siku alikuwa akipanda basi saa ya chakula cha mchana, anakuja, anachungulia dirishani, akimwona mtoto anacheza anarudi kazini bila kula. Mimi nikiwa jikoni naona kichwa tu kinapita.

Tulipompeleka Jabir kwa daktari mwezi wa Oktoba, alimkagua, akampiga kofi la mapenzi mgongoni, akasema huyu yuko imara. Kisha akawatazama baba na mama. Akasema kama angekuwa na vitanda vya kutosha, hao wawili ndio angewalaza. Tulicheka kwa adabu, tukaenda zetu.

Sasa mtoto ambaye hagombezwi, dada, unajua anavyokuwa. Alianza kidogo kidogo. Akachora ukutani kwa makaa. Mama yake akafuta. Akatia chumvi kwenye chai ya wageni. Mama yake akasema haidhuru, baba, tutapika nyingine. Akakata pindo la kanga mpya. Haidhuru, baba. Mimi mkono ulikuwa ukiniwasha, lakini siku nilipouinua Saleha aliudaka hewani na kunitazama kwa macho ya kuomba. Nikaushusha. Nyumba si yangu.

Ndipo tukafika kwenye buli. Nalikumbuka vizuri maana niliona kwa macho yangu. Alilitoa kabatini, akalibeba kwa mikono miwili kama mtu anayeleta chai, akaenda kusimama mbele ya mama yake. Akaliachia. Halikumponyoka, dada, aliliachia. Kisha akamkazia mama yake macho, akingoja. Saleha akaokota vipande, akambusu utosini, akamuuliza kama amejikata. Hapo Jabir akaangua kilio ambacho sikukisikia kwake hata wakati wa zile sindano.

Nikamchukua nje, tukakaa kwenye majani karibu na ua wa michongoma. Nikamuuliza, mwanangu, umevunja kitu cha mama, hukupigwa, sasa unalia nini? Nakuandikia alivyosema, na kama Kiswahili chake kitakuudhi, mlaumu Taib aliyemzaa Nairobi.

"Shangazi, si umwambie mama anigombeze. Kule wodini, Oloo wa dirishani, mama yake alikuwa anamgombeza kila siku. Kunywa uji, lala vizuri, wacha kulia. Halafu siku moja akawacha. Akawa anasema tu ni sawa, ni sawa. Halafu kitanda ya Oloo ikatandikwa upya." Akapangusa kamasi kwa mkono wa shati. "Milcah wa mlangoni bado anagombezwa. Milcah atapona."

Hebu fikiri, Mabruka. Mtoto wa miaka sita amekaa mwezi mzima anavunja vyombo apate kujua kama anakufa, na sisi watu wazima tunapita tunasema haidhuru. Nilimkumbatia. Nilitamani nimpige mimi kofi moja la kumfariji, lakini najua kofi la shangazi lisingemtosha.

Alasiri, baada ya kuswali, nikamweleza Saleha. Aliziba mdomo kwa kanga akalia. Halafu akanitolea lililokuwa moyoni. Zile siku mbaya za mwanzo, mdomo wa mtoto ulipojaa vidonda na hata maji hayapiti, yeye amelala kwenye mkeka chini ya kitanda, alikumbuka jinsi alivyokuwa akimkaripia kwa kukataa kutafuna, kabla hatujaona uvimbe. Pale pale akaweka nadhiri. Mola akimrudishia mwanawe, hatampandishia sauti tena mpaka anaingia kaburini.

"Mungu ametimiza Yake, wifi," akaniambia. "Nikiivunja yangu mimi, je? Akikichukua alichonipa?"

Hilo ndilo lililokuwa limeikaba nyumba nzima. Alikuwa akiamini kwamba neno moja kali litaurudisha ule uvimbe. Na kumbe Taib naye, bila nadhiri yoyote, alikuwa akiogopa vivyo hivyo, anaona haya kusema. Tulipomweleza alikaa chini akavua viatu, akavivaa tena, akasema kesho tunakwenda kwa Maalim Shee.

Maalim Shee ni mtu wa kwetu pwani, anasomesha watoto mjini, karibu na Msikiti wa Jamia. Alimsikiliza Saleha amefumba macho, na mimi nikadhani amelala, nikakohoa. Kumbe yuko macho. Akamwambia kumkanya mtoto ni wajibu wa mzazi, na nadhiri haiwezi kumwondolea mtu wajibu wake. Lakini kwa kuwa moyo wake umekataa kutulia, na atoe kafara, alishe maskini kumi, ajue amemaliza. Saleha akauliza mara tatu kama kweli basi. Mara ya tatu Maalim akajibu kwamba ni kweli, na je, hiyo pilau itakuwa na viazi?

Saleha hakutaka kutafuta maskini barabarani. Akasema anawajua wa kwake. Ijumaa ile alipika sufuria ambalo sijui aliliazima wapi, mimi nikamenya vitunguu mpaka nikalia machozi ya mwaka mzima, na Taib akakodi mkokoteni. Tukashika Barabara ya Ngong hadi hospitali, Taib na suti yake ya kazini akisukuma, Jabir amekaa mbele ameshika mfuniko. Watu wakidhani tunahama.

Tuliwapakulia wale akina mama wanaolala wodini chini ya vitanda vya watoto wao. Nanjala bado yuko pale na binti yake Milcah. Nanjala nilikuandikia habari zake, yule Mbukusu aliyemfundisha Saleha kumnywesha mtoto uji kwa kijiko cha chai. Milcah amebakiza dawa kidogo na uvimbe wa uso wake umeshashuka, alhamdulillahi. Nanjala aliposikia ni chakula cha maskini aliinua shingo.

"Mimi si maskini, Mama Jabir. Mimi niko na ng'ombe Bungoma. Nipatie kama rafiki."

Akapewa kama rafiki, akala sahani mbili. Saleha akamsimulia yote, nadhiri na buli na Maalim Shee. Nanjala akapiga magoti yake kwa viganja. "Sasa si utoe sauti! Mimi nikigombeza huyu wangu hapa, hata sista anakimbia. Milcah, si mimi nakugombeza?" Na Milcah, mdomo umejaa pilau, akaitikia kwa kichwa kwa fahari kubwa. Wodi nzima ilicheka, dada. Sikuwahi kusikia mahali pale pakicheka.

Basi tukarudi nyumbani tukingoja ugomvi kama watu wanaongoja mwezi wa Idd. Hakuna. Saleha ameruhusiwa, anataka, lakini sauti haiji. Jabir akafanya juhudi zake. Alitumbukiza kiatu cha baba yake kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Saleha akafungua mdomo, Taib hata kijiko akakiweka chini. Akasema, "Baba, kiatu si samaki." Ndiyo hivyo tu. Jabir akashusha pumzi kama mzee aliyenyimwa mkopo.

Taib akajaribu kusaidia. Akamwita mtoto, akakunja uso, akamnyooshea kidole, akaanza, na kabla hajafika popote akampa biskuti. Nikawaambia wote wawili wananitia aibu.

Sasa Jumapili. Mimi na Saleha tulikuwa tunarudi kutoka dukani, tumefika kando ya Barabara ya Ngong. Jabir tulimwacha na baba yake, aliyekuwa ananyoa ndevu. Siku za mashindano farasi hupitishwa huku wakipelekwa kukimbia, na ng'ambo ya barabara tukamwona farasi mmoja mweusi anaongozwa na mtunzaji wake. Nyuma yake anatembea mtoto mdogo ana kandambili mguu mmoja, mguu wa pili mtupu, ameduwaa na ule mkia. Nikasema moyoni, huyu anafanana na wetu. Alikuwa wetu.

Akatuona. Akapunga mkono, akakimbia moja kwa moja kuja kwetu, na lori la mchanga linateremka. Lile lori lilipiga breki mpaka mchanga ukamwagika. Jabir akafika upande wetu mzima, anacheka, anasema mama, umemwona farasi?

Dada yangu, ile honi ya basi ikalia.

"Jabir! Jabir wa Taib! Nani kakwambia uvuke barabara? Macho umeyaacha wapi? Farasi ndiye baba yako, hata umfuate? Mtoto gani wewe usiyesikia! Mwaka kesho unaingia shule, nani atakuvusha, mimi? Na mwaka wa pili, na wa tatu? Niwe nakushika mkono mpaka uote ndevu? Niwasindikize wanao pia? Nijibu! Kiatu kiko wapi? Na lile buli la wifi yangu nalo, ulidhani nimesahau? Tangulia nyumbani, tangulia, nisikuone!"

Alimgombeza kutoka barabarani hadi mlangoni bila kuvuta pumzi. Dereva wa lori alishuka kuja kumgombeza yeye, akaona kazi imefanywa, akarudi kwenye usukani. Jirani yetu Kavata alitoka mbio na mwiko akidhani nyumba inaungua. Taib akatoka na povu nusu ya uso. Na Jabir anatangulia mbele, mikono kichwani, anatabasamu mapengo yote nje. Alipofika uani hakuingia ndani. Alikwenda mlango hadi mlango kwa majirani.

"Mama amenigombeza! Amesema mpaka niote ndevu!"

Taib akakaa kwenye ngazi na lile povu lake, akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshakaa zamani. Saleha mwenyewe alisimama mlangoni ameshika koo, kama mtu aliyekuta pete yake iliyopotea imo kidoleni. Baadaye alimwogesha mtoto, akampa chai, akamlaza. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Taya hakuligusa.

Jana aliniamsha mapema, ati nivae twende mjini tukanunue sare kabla hazijaisha. Dukani alichagua shati linalomfika Jabir magotini na kaptula inayomfika karibu na vifundo. Mtoto akapotelea humo ndani, ukaona kichwa tu. Nikamwambia wifi, hii ni ya mtoto wa darasa la tatu. Muuzaji naye akaleta ndogo. Saleha akairudisha ile ndogo, akatoa pesa.

"Atakua," akasema.

Basi, dada, kazi iliyonileta huku, ya kumwuguza mtoto, imekwisha, na baada ya Idd narudi nyumbani. Waandae kuku, wale waliobaki. Nisalimie shangazi Mwanahija na mumewe, Bi Riziki wa kisimani, na yule shemeji yako asiyependa kusalimiwa, mwambie nimemsalimu makusudi. Taib anakusalimu. Saleha anakusalimu kwa sauti ya juu kabisa na anaomba radhi kwa buli. Akimaliza anasema lawama zote ni za mwanao.

Jabir naye ana ombi lake, na ameshika meza hapa anahakikisha naliandika. Anataka na wewe umgombeze kwa ajili ya buli. Anataka barua kali, yenye jina lake juu ya bahasha, na herufi uziandike kubwa kubwa, kwa sababu hataki kusomewa na mtu mwingine. Anasema ataiweka mpaka ajue kusoma, aisome mwenyewe. Tafadhali, dada, usimhurumie hata kidogo.

Mola akulinde, akupe afya na goti jipya, atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Kijakazi